Jiwe Alilolisifu Kaka Sabiti

Nyasubi, Kahama
12 Agosti 1971

Kaka yangu Sabiti,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kasoro goti la kushoto linalogoma kila nikisujudu. Mwanangu Akida yuko salama Tabora kwenye kazi yake ya reli. Mkewe amejifungua binti, wamemwita Chausiku kwa kuwa alikuja usiku, mkunga akiwa amesinzia. Jirani yangu Justa, yule Msukuma wa Didia anayeniletea maziwa, anakusalimu ingawa hajawahi kukuona. Anasema mwanamume anayekaa peke yake Geita tangu mgodi ufungwe, ama ana mke wa siri ama ana kichwa kigumu. Nimemwambia ni kichwa.

Nina ombi. Tangu marehemu mume wangu Hatibu atutoke, cherehani yake imekaa tu ukumbini. Kichwa chake kilivunjika na hakuna fundi aliyekiweza, lakini pedali na gurudumu la chini ni vizima. Jioni nikikosa la kufanya nakaa nakanyaga pedali, gurudumu linazunguka. Majirani wakisikia wanadhani nimepata nguo za watu. Nimechoka kushona hewa, kaka. Nilipokuja kwako mwaka juzi nilikuona ukisaga yale mawe yako kwa gurudumu la baiskeli, vijiwe vya barabarani vikawa vinang'aa hadi nikatamani kuvitia mdomoni. Nataka unifundishe. Si kwa biashara, leseni sina na duka sina. Nataka mikono yangu ipate kazi.

Dereva Mihayo wa lori la pamba ameniambia ulijikwaa kwenye kizingiti cha msikiti ukaanguka mbele ya watu. Kulikoni? Nilikwambia tangu zamani uhamie huku, chumba cha uani ni kitupu. Nijibu hilo kwanza, mawe baadaye.

Mdogo wako,
Zuwena


Geita
3 Septemba 1971

Zuwena mdogo wangu,

Marahaba, na goti nalo nalipa pole. Hongera ya mjukuu. Mwambie Akida nitamletea mtoto zawadi nikishajua anapenda nini. Hapa ni vumbi na upepo. Kuku wangu ameatamia ndani ya sanduku la vyombo vya kazi, nikamwachia. Sasa kila nikitaka bisibisi lazima niombe ruhusa.

Umesema nijibu la kizingiti kwanza. Haya, wamekijenga upya, wamekipandisha. Basi. Na kile chumba cha uani weka kuni.

Sasa mawe. Nimefurahi sana, tena sana. Nilidhani ufundi huu nitakwenda nao kaburini. Mihayo atakuletea sahani ya chuma niliyoichonga mwenyewe. Ifunge kwenye ekseli juu ya meza ya cherehani, izungushwe kwa mkanda. Atakuletea na kopo la dawa ya kusagia vali, ile ya mafundi wa magari: upande mmoja ni chenga, mwingine ni laini. Utaanza na chenga kupata umbo la mgongo wa kobe, utakwenda kwenye laini kuondoa mikwaruzo, kisha utamaliza kwa ngozi na ule unga wa kijani uliomo kwenye karatasi. Jiwe halishikwi kwa vidole, litakula kucha. Unaligandisha kwenye kijiti kwa lakiri, ile nyekundu wanayopigia mihuri vifurushi pale posta.

Anza na mawe meupe ya mtoni. Humo mzigoni kuna na jiwe la zambarau, nilipewa na dereva mmoja aliyetoka kusini. Sijaona rangi kama ile maishani mwangu. Hilo usiliguse mpaka umeshaharibu mengine ya kutosha.

La mwisho, usiyaamini macho. Jiwe likilowa hung'aa hata kama lina mikwaruzo. Likaushe, kisha pitisha kidole gumba. Kidole hakina upendeleo.

Usishangae herufi zangu zimenenepa na mistari inapanda mlima. Meza imevunjika mguu. Nawe andika kwa wino mweusi na herufi kubwa, maana mwandiko wako ni wa siafu.

Kaka yako,
Sabiti


Nyasubi
10 Oktoba 1971

Kaka Sabiti,

Shikamoo. Haya, nimekuandikia herufi za kwenye ubao wa shule, usilalamike. Sisi wazima. Akida ameleta picha ya mtoto: paji la uso ni lako, masikini. Mfungo unakaribia na sukari imeanza kujificha madukani.

Mizigo ilifika. Fundi seremala alinifungia sahani, na siku ya kwanza nikakanyaga pedali kwa nguvu hadi maji ya mchanga yakanirukia usoni. Justa alikuwa mlangoni na kibuyu chake. Akaniita mama kwa Kisukuma chake, akauliza, "Mayu, unasaga nini?" Nikamwambia jiwe. Akatazama sahani, akaniambia, "Tangu nizaliwe nimesaga mtama juu ya jiwe. Wewe unasaga jiwe lenyewe. Litaliwa na nani?" Alicheka hadi maziwa yakamwagika. Sasa huja kila jioni, anakaa kwenye kigoda na kunikosoa kana kwamba amezaliwa na kazi hiyo.

Nimeharibu mawe meupe mpaka nimeacha kuona uchungu. La mwisho lilitoka zuri, kidole gumba kilipita bila kugota. Nilikaa nalo mkononi nikajikuta nalia, sijui kwa nini. Tangu msiba ni kitu cha kwanza nilichokimaliza.

Tatizo langu ni lakiri. Nikigandisha jiwe, nikilishusha kwenye sahani tu linachomoka, linaruka hadi uani. Nifanye nini?

Mihayo anasema alikupa mkono ukaupita, ukashika hewa. Anasema ulicheka. Mimi sikucheka.

Zuwena


Geita
2 Novemba 1971

Zuwena,

Marahaba, na Mungu azipokee funga zako. Mimi nafunga vizuri, na wakati wa kufuturu mama wa jirani hunipitishia uji. Yule kuku ametotoa. Bisibisi zimerudi kwangu, zinanuka.

Umeniambia ulilia juu ya jiwe. Usione haya. Mimi la kwanza nililala nalo.

Kuhusu lakiri, jiwe baridi na lakiri ya moto ni mawifi, hawashikani hata uwafanyie nini. Pasha jiwe kwanza, taratibu, liwe na joto la chapati iliyotoka jikoni, ndipo utie lakiri. Haraka italipasua. Ukishaweza hilo, umehitimu. Chukua la zambarau, lichonge, kisha nitumie nilione kabla hujampa mtu mwingine yeyote.

Mihayo anapenda maneno. Dereva akikosa abiria hubeba umbeya.

Sabiti


Nyasubi
5 Desemba 1971

Kaka,

Shikamoo, na mkono wa Idi ingawa nimechelewa. Samahani kwa ukimya. Idi ilikuwa njema, nilipika pilau, Justa akaja na kuku ingawa yeye ni wa kanisani. Akida alikuja na mkewe na mtoto. Mtoto analia kwa sauti ya kuita gari moshi.

Jiwe la zambarau nimelimaliza. Limefungwa kwenye kitambaa ndani ya kopo la dawa ya meno, Mihayo analo. Sisemi neno lolote juu yake. Litazame mwenyewe, kisha niambie ukweli, hata kama ni wa kunitukana. Nastahili.

Sijalala vizuri wiki hizi. Jibu upesi.

Zuwena


Geita
9 Januari 1972

Zuwena mdogo wangu,

Marahaba. Mvua zimeshika, mahindi yamefika kiunoni, na vifaranga vimebaki vichache kwa sababu ya mwewe. Nilichelewa kwa kuwa nilitaka nikae na jiwe lako kwa utulivu.

Sasa sikiliza. Nikutukane kwa lipi? Mgongo umeinuka sawasawa, umeng'arika pande zote. Nimekuta kasoro moja tu: chini kidogo ya ubavu, karibu na ukingo, pana kibapa kidogo kama alama ya ukucha. Hapo mkono wako ulichoka. Mwingine asingekiona. Na rangi! Ile zambarau imekolea kuliko nilipokutumia. Umeitoa yote nje. Nimemwonyesha imamu, nimemwambia hii ni kazi ya dada yangu mwenyewe, hakufundishwa na mtu mwingine ila mimi. Nilijisikia kijana.

Moyo wangu umetulia. Ufundi umepata pa kukaa.

Sabiti


Nyasubi
23 Januari 1972

Kaka Sabiti,

Shikamoo. Sisi wazima, Akida mzima, Chausiku ameota jino.

Asante kwa sifa. Kile kibapa nilikitafuta kwenye kumbukumbu ya vidole vyangu na nimekikumbuka, ni kweli. Wala mimi wala Justa hatukukiona.

Swali langu ni moja. Ulilitazama wapi? Nje juani, au ndani? Na uliyemwonyesha alisema nini juu ya rangi?

Zuwena


Geita
13 Februari 1972

Zuwena,

Marahaba. Nimelitazama juani, nimelitazama kwa taa, nimelitazama nikiwa nimesimama na nikiwa nimekaa. Imamu alisema ni zuri. Ulitaka aseme nini, ahutubie?

Mwanafunzi akisifiwa hushukuru, hamhoji mwalimu wake. Hizo tabia za kupeleleza umezitoa kwa Mihayo.

Huku hatujambo.

Sabiti


Nyasubi
5 Machi 1972

Kaka yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Nimeiandika barua hii mara nyingi na kuichana. Habari za nyumbani ni njema, sitaziongeza.

Jiwe lile si la zambarau. Ni la njano.

Nakueleza ilivyokuwa. Ulisema lipashwe taratibu. Nikaogopa moto wa wazi, nikamwuliza Justa. Akaniambia, "Lifukie majivuni mayu, kama kiazi. Majivu hayana haraka." Nikalifukia kwenye jiko la mkaa, makaa mekundu chini na juu, tukakaa tunazungumza. Unajua mazungumzo ya Justa. Tulipolifukua lilikuwa zima, halina ufa, lakini zambarau yote ilikuwa imeondoka. Limekuwa njano, njano ya samli. Nililia, Justa akatubu kana kwamba ameua ng'ombe. Kisha nikaona heri nilichonge hivyohivyo nikupelekee, unigombeze, yaishe. Ndiyo maana sikusema neno.

Ukaniandikia zambarau imekolea.

Niliisoma barua yako mara mbili. Nikazitoa barua zako zote. Herufi zinazidi kunenepa, mistari inapanda juu ya mistari. Kizingiti. Mkono wa Mihayo. Kaka, tangu lini?

Najua unachokiogopa, maana na mimi nilikuwepo. Baba alipopata mtoto wa jicho alikaa uani miaka yote iliyobaki, na wewe ndiye uliyeshika ncha ya mbele ya fimbo yake, ukaacha shule kwa ajili hiyo. Hukulalamika hata siku moja, na hukutaka mtu ashike yako. Nakuelewa. Lakini wahenga hawakukosea: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nisamehe kukwambia hivyo wewe kaka yangu, sina mwingine wa kuambiana naye ukweli.

Zamani haikuwa na dawa, sasa ipo. Mama mkwe wa mwenzake Akida kazini alipasuliwa jicho kule Mwanza, amerudi anachambua mchele mwenyewe na kuwagombeza wakwe kwamba nyumba chafu. Wanachotaka ni mgonjwa aje na mtu wake wa kumpikia na kumwosha. Mtu huyo ni mimi. Sina mume wa kuniuliza ninakwenda wapi.

Ila sitakuja bila kuitwa. Nikitokea tu hapo na kukushika mkono mbele ya majirani nitakuwa nimekuvunjia heshima, na sisi hatukulelewa hivyo. Wewe ndiye mkubwa. Sema neno.

Na lile la kidole gumba, hukukosea. Umeona kwa kidole kibapa ambacho watu wawili wenye macho hawakukiona. Ufundi unao. Hakuna aliyekunyang'anya.

Zuwena


Nyasubi
16 Aprili 1972

Kaka,

Shikamoo. Sijapata jibu. Kila lori la Geita likipita natoka nje.

Sijakanyaga pedali tangu Machi. Justa anakuja na maziwa, tunakaa. Juzi ameniambia, "Mayu, na kama amekasirika?" Nikamwambia akasirike, mradi yupo. Nikakataa kulia mbele yake, nikalia alipoondoka.

Kama umenikasirikia, niandikie hasira. Nitazipokea.

Zuwena


Geita
7 Mei 1972

Zuwena,

Barua zako zote mbili ninazo. Ile ya Machi niliisoma mwenyewe juani, neno moja moja, karatasi ikigusa pua. Nilipofika kwenye njano nikaikunja nikaitia chini ya godoro. Nilikasirika sana. Nikasema wanawake wawili na jiko la mkaa wameniharibia jiwe, sasa wanataka kuniharibia na jina.

Kisha nikalichukua lile jiwe nikakaa nalo mlangoni. Kila aliyepita nilimwamkia, nikamwonyesha na kumwuliza, "Waionaje rangi yake?" Nilijiona mwerevu. Wote walijibu, "Nzuri, mzee." Wote, Zuwena, hadi wale wapiga soga wasiokosa neno. Hakuna aliyeitaja kwa jina. Hapo nikaelewa kwamba mtaa mzima wanajua, na imamu anajua, na yule mama wa uji anajua, ndiyo maana huniwekea bakuli mkononi badala ya mezani. Siri niliyodhani naitunza peke yangu, wao ndio waliokuwa wananitunzia.

Kisu sikiogopi sana. Niliogopa kukwambia wewe. Tangu baba, mimi ndiye niliyekupeleka chuoni, mimi ndiye niliyekuozesha, na Hatibu alipokufa ni mimi niliyekwambia usilie mbele ya watu. Sikujua nitakuwa nani kwako nikishasema. Kwa hiyo nikaendelea kukufundisha kazi ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaiacha. Sijachonga jiwe tangu kabla hujaniomba.

Sioni, Zuwena. La kushoto limekwisha, la kulia linapata mwanga na vivuli vya watu, na herufi kubwa nyeusi zikigusa pua. Nimeliandika neno hilo na mkono haukukatika. Naogopa, na nimechoka kuogopa peke yangu.

Njoo unichukue twende Mwanza. Kama mistari imepandana, soma ule wa juu kwanza. Na ukifika usisimame mlangoni ukingoja nikuone. Piga hodi. Sauti yako naijua.

Sabiti